Mzinga umesema kamwene

Mwaka wa kwanza niliuza vifaa vitatu vya kupima mzinga wa nyuki na kumtumia mwenyewe meseji. Kimoja alinunua mjomba kwa kunionea huruma. Cha pili kilirudishwa. Cha tatu ndicho kilichoniamsha saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa sita, baridi ya Iringa imekaza, simu inaita na mimi nimeshaanza kujiuliza nani kafariki.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa Ifunda. Nikamwamkia, akaitikia marahaba haraka haraka, kama mtu anayepisha gari.

"Binti yangu, meseji imeingia sasa hivi. Nje nyuzi 9, ndani ya mzinga nyuzi 11. Nyuki wangu wako wapi?"

Jibu nilikuwa nalo kabla hajamaliza. Kundi lenye watoto hushikilia katikati ya masega joto la nyuzi 34 hadi 36, nje kuwe na jua kali au umande ulioganda. Nyuki hukaa wameshikamana, wakatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka, na joto likapatikana. Ukiona ndani na nje vimekaribiana hivyo, ujue jikoni hakuna mtu.

"Wamehama, Mwalimu."

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo umeniuzia kitu cha kunitangazia msiba."

Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Mteja mkali unaweza kumrudishia hela yake mkamalizana. Huyu alikata simu kwa upole, akanitakia siku njema, nikabaki nimekaa kitandani na blanketi mabegani.

Niseme kwanza ninachouza, maana wengi wakisikia "mzinga wa kisasa unaotuma meseji" wanadhani nimeleta roboti. Nina chumba kimoja nyuma ya duka la fundi simu, Mlandege, hapa Iringa mjini. Ndani ya kisanduku changu kuna ubao mdogo wa Arduino ambao ndio ubongo wake, vihisi viwili vya joto vya DS18B20 vilivyofungwa visiingie maji, kimoja cha ndani na kimoja cha nje, kihisi cha uzito, moduli ya SIM800L ya kutuma meseji, yenye kadi ya simu, betri za 18650 ninazozichambua kutoka kwenye betri za laptop zilizokufa, na sola ndogo juu ya paa la mzinga. Kinapima kila baada ya robo saa, kinahifadhi, na alfajiri kinatuma meseji moja ya kawaida. Si WhatsApp, wala huhitaji bando. Kule kwenye mizinga ukipata 2G umshukuru Mungu, na ninaowauzia wengi wana simu mbili: ya kioo ya kuangalia wajukuu, na ya kitochi ambayo ndiyo wanayoiamini.

Wateja wangu si wafugaji wakubwa. Mwenye mizinga mia tatu kwenye miyombo ya Chunya hanihitaji, ana vijana wanaolala porini. Ninaowafuata mimi nawaita wafugaji wa Jumamosi. Mstaafu aliyenunua mizinga minne kwa mafao yake, mama wa kanisani mwenye mitano kwenye shamba la mume Kilolo, mfanyakazi wa benki aliyelelewa na babu mrina asali na sasa anatafuta kitu cha kumtoa ofisini. Wanaishi mjini, nyuki wako shambani. Katikati kuna nauli, matope ya masika na siku sita za kujiuliza kule kukoje.

Sasa ngoja niwasimulie nilivyokuwa nawauzia, mcheke.

Bango langu la kwanza liliandikwa ONGEZA MAVUNO YA ASALI KWA TEKNOLOJIA. Nilikwenda nalo Nane Nane, Viwanja vya John Mwakangale kule Mbeya, nikapewa kona kwenye banda la watu wa mbegu. Siku ya tatu akaja mzee mmoja wa makamo, koti la sufu, akasoma bango taratibu mpaka mwisho, akaniuliza bei. Nikamwambia 180,000. Akaniuliza mizinga yake minne itaongeza lita ngapi kwa mwaka. Nikaanza kuzungukazunguka. Akatoa kalamu, akapiga hesabu nyuma ya kipeperushi changu mwenyewe: bei ya kifaa, bei ya lita ya asali, vocha ya mwaka. Kisha akanigeuzia karatasi nione.

"Naona nikinunua asali sokoni nitapata nyingi kuliko hii unayoniongezea," akasema. Mwenzake akadakia kwamba nyuki wa babu yake hawakuwa na kadi ya simu na asali ilikuwepo. Banda zima likacheka, na watu wa mbegu nao, ambao mpaka hapo nilidhani ni rafiki zangu.

Alikuwa sahihi. Kifaa hakitengenezi asali. Asali inatokana na maua, mvua, kundi lenye nguvu na mfugaji asiyekuwa mvivu. Kwa mwenye mizinga minne, hesabu ya faida haifungi na haitafunga, na anayemwahidi vinginevyo anamdanganya. Nililishusha lile bango usiku uleule. Sasa hivi nalitandika chini ya meza ya kulehemu.

Nikahamia kwenye hofu. Nikaweka picha ya nyegere, meno nje, na maneno UKILALA YEYE HALALI. Hii ilivuta watu kweli. Kila anayefuga nyuki huku kwetu ana kisa cha nyegere au cha mwizi, na visa vyenyewe vinafanana sana: asubuhi unakuta mzinga chini, masega yametapakaa. Nikaongeza kihisi cha mtikisiko, mzinga ukiguswa unatuma meseji. Nikakifunga kwa mteja wa Makambako.

Anayeijua Makambako ameshajua nilipokosea. Usiku wa kwanza wa upepo wa mwezi wa nane kifaa kilimtumia meseji kumi na nne. Alitoka na tochi, mbwa na kijana wa jirani mara mbili. Mara ya tatu hakutoka. Kilichonirudia kilikuwa kwenye mfuko wa rambo, waya zimekatwa kwa kisu, na ujumbe kupitia kondakta wa basi kwamba hela yake anaitaka kabla ya Ijumaa. Nilimrudishia. Na hata bila upepo, fikiria: meseji inaingia saa nane usiku, nyegere yuko mzingani, wewe uko kilomita arobaini. Utafanya nini? Utakosa usingizi tu, tena kwa kulipia.

Ndipo ukaja msiba wa Mwalimu.

Wiki ileile nilipanda basi hadi Ifunda. Tulikwenda shambani pamoja, yeye mbele na fimbo. Mizinga yake ni ile ya viunzi vya juu, yaani vijiti vya mbao ambako nyuki hujengea masega, imening'inizwa kwa waya katikati ya nguzo mbili, kimo cha kiuno. Kwenye waya mtu hupaka grisi ili siafu wasipite. Ya kwake ilikuwa imekauka, imeshika vumbi kama unga, na juu yake njia ya siafu inaonekana wazi. Ndani tulikuta masega safi, matupu, hakuna watoto, hakuna asali. Hawakukimbia usiku mmoja. Nyuki wetu wakikusudia kuhama hujiandaa: malkia anapunguza kutaga, watoto waliopo wanakua na kutoka, akiba inaliwa, ndipo wanaondoka na mama yao.

Tukakaa chini ya mti, nikafungua kumbukumbu za kifaa kwenye laptop. Jambo lenyewe lilikuwa pale. Kwa wiki nyingi mstari wa joto ulikuwa umenyooka, 35 kasoro kidogo, usiku na mchana. Kisha siku kumi na moja kabla ya ile simu ulianza kuyumba. Usiku 33. Usiku 31. Mchana unapanda, usiku unashuka tena. Masega yalikuwa yanaishiwa watoto, na kusipokuwa na watoto wa kupashwa joto nyuki hawahangaiki kushika 35. Siku kumi na moja! Mtu angekwenda na kopo la grisi na chupa ya maji ya sukari, huenda wangebaki.

"Na hizi namba ulikuwa unanitumia?" Mwalimu akauliza.

Nilikuwa namtumia kila alfajiri, kwa vifupisho; ile ya msiba tu ndiyo niliyokuwa nimeiandika kwa maneno. Akatoa simu ya kitochi, akanionyesha. J33.1 Z18.7. J31.4 Z18.2. Zimepangana kumi na moja, moja chini ya nyingine.

Akaniangalia kwa jicho lile la mtu aliyesimamia mitihani miaka thelathini. "Umeniletea majibu bila maswali. Mimi nitajuaje J ni nini? Nilidhani ni Jumatatu."

J ilikuwa joto, Z uzito. Hapo sikucheka. Nyumbani kwake, mkewe akituandalia chai, alichukua daftari la mistari akaniandikia meseji inavyotakiwa kuwa, ikianza na kamwene, salamu ya Kihehe. Ninayo hiyo karatasi. Hati ya ubaoni, kila herufi imesimama wima:

*Kamwene Mwalimu. Usiku nje nyuzi 8, ndani 35. Uzito kilo 21.6, umeongezeka gramu 300 tangu jana. Nyumbani ni kwema.*

Na chini yake ya pili, ya siku mbaya:

*Kamwene Mwalimu. Joto la ndani linayumba siku ya tatu. Nyumbani kuna wasiwasi. Nenda kaangalie siafu, jua na chakula.*

"Mtu akija kutoka kijijini," alisema, "anaanza kwa kusalimia, anakupa habari za watu, kisha shida. Haanzi kwa namba."

Nilirudi Mlandege nikabadilisha programu usiku kucha. Kwa ubao wenyewe ilikuwa kazi ndogo: kulinganisha joto la siku tatu, kuchagua sentensi moja kati ya nne. Kwa biashara yangu ilikuwa kama kuhama nyumba.

Mzinga ule ulikaa mtupu hadi Oktoba, wakati makundi yanapotafuta makazi. Asubuhi moja simu ikaita tena alfajiri. Mwalimu. Alikuwa ananisomea meseji huku sauti inampanda: ndani nyuzi 29, uzito umeongezeka kilo 1.7 kwa siku moja. Nyuki elfu kumi ni kama kilo moja, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe wageni walikuwa wangapi. Alikuwa amepaka nta mpya kwenye viunzi na hakumwambia mtu, hata mkewe, kwa kuogopa wasipoingia. Kabla ya saa nne asubuhi alikuwa amewasomea wastaafu wenzake meseji ile, mmoja mmoja, kwa simu. Wawili wakanunua.

Tangu hapo nimeacha kabisa bango. Ninachofanya nikienda kwa mtu ni kumsomea meseji ya mwingine, kwa ruhusa ya mwenyewe na bila kutaja jina. Nje nyuzi 4, Mafinga, mwezi wa saba, barafu imekaa kwenye majani, ndani 34.8. Unamwona mtu anasimama. Anarudia: "Thelathini na nne? Na hawana moto?" Hapo sina haja ya kuongea tena. Mfugaji wa Jumamosi anataka tu kuwa karibu na wale wadudu siku ambazo si Jumamosi. Asali anagawia watu, anajaza chupa za konyagi zilizooshwa, anawapelekea wakwe. Habari anabaki nayo mwenyewe.

Na meseji hizi zinapendwa kuliko nilivyotegemea. Mama mmoja wa Tukuyu, mwenye mizinga mitatu pembeni ya migomba na parachichi, alinipigia kulalamika kwamba nyuki wake hawawezi kumsalimia Kihehe. Nikaweka *Ugonile*, salamu ya Kinyakyusa. Akanijibu ndaga fijo, asante sana, na mkungu wa ndizi ukaja na basi. Mfanyakazi wa benki hataki salamu, anataka grafu. Ninampa, ndiye pekee. Mjomba, yule wa huruma, aliomba meseji yake ije saa moja usiku ili aisome baada ya taarifa ya habari.

Watu huniuliza kwa nini wasiagize vya nje. Viko, na vizuri. BroodMinder ya Marekani ina vihisi vidogo vya kuweka juu ya masega. Arnia ya Uingereza inasikiliza hata mlio wa kundi, maana kundi lililopoteza malkia lina mlio wake. Wazo lenyewe ni la zamani. Wafugaji wa Ulaya walikuwa wakiweka mzinga mmoja juu ya mizani na kuandika uzito kwenye daftari kabla kompyuta haijazaliwa. Lakini vifaa vile vimefikiriwa kwa bustani zao. Kihisi cha msingi cha Bluetooth kinataka usimame karibu na mzinga na simu mkononi, na shida ya mteja wangu ni kwamba hayuko karibu. Mizani yao inakaa chini ya mzinga wa Langstroth, ule wa sanduku lenye fremu, uliosimama juu ya ardhi. Wa kwetu unaning'inia. Nilipoteza miezi mitatu kabla ya kuona jibu buchani, nikisubiri nusu kilo ya nyama: mizani ya ndoana. Kihisi cha uzito kikakaa kati ya waya na mzinga, na grisi juu yake.

Halafu ile picha ya kwenye matangazo yao, mzungu kavaa fulana, mikono mitupu, kafungua mzinga mchana kweupe huku anatabasamu. Usiwaonyeshe watu wa huku picha ile. Nyuki wetu, *Apis mellifera scutellata*, ukiwafungulia ovyo mchana, mbuzi wa jirani ndiye atakayelipa. Sisi tunafungua jioni, na moshi, na nia kamili. Kwa hiyo lile neno lao la "chungulia bila kufungua" kwao ni urahisi. Huku linaokoa mbuzi. Hilo nalisema kwa kila mteja na hakuna aliyewahi kunipinga.

Kuna mambo nakataa. Simuuzii mtu ambaye hajakaa na nyuki mwaka mmoja, ajifunze kwanza kusikiliza kwa sikio na kuangalia mlangoni wanavyoingia na chavua miguuni. Simuuzii mtu vifaa vitano. Nauza kimoja, tunakiweka kwenye mzinga wa kundi la wastani, mingine anailinganisha kwa macho. Rafiki zangu wanaojua biashara wananiona mjinga kwa hili. Lakini vifaa vitano ni betri tano za kufa, kadi tano za kusahau kuweka vocha, na simu tano za alfajiri kwangu. Na kila mara nasema kwamba nyuki watapaka kihisi gundi yao. Wanapaka kila kigeni kinachoingia, ndiyo tabia yao. Kile cha joto hakidhuriki. Kipaza sauti nilichojaribu kuweka kilifunikwa chote ndani ya wiki tatu, kikawa kama karanga ya kashata, nikaachana na mambo ya milio.

Hata hizo sentensi nne hazijakaa sawa. Mwezi wa nne uliopita, alizeti zimechanua, niliongeza ya tano: uzito ukipanda zaidi ya kilo mbili tangu jana, meseji iseme *Hongera, maua yanalipa.* Nilijiona fundi. Wiki ya pili mama wa Kilolo, yule wa kanisani, akapata: *Kamwene Mama. Uzito umeongezeka kilo 3.2. Hongera, maua yanalipa.* Akakodi bodaboda, akachukua bomba la moshi, vazi, ndoo mbili zenye mfuniko na mwanakwaya mmoja wa kushika tochi. Walifika jioni. Juu ya paa la mzinga palikuwa na tofali la kuchoma ambalo kijana wa shamba aliliweka ili upepo usifunue bati.

Nilikwenda kuomba radhi mwenyewe. Alinikaribisha vizuri, akanipa wali na maharage, na nilipoaga akaingia ndani akatoka na lile tofali limefungwa kwenye khanga. "Mavuno yako haya," akasema, "usisahau fungu la kumi."

Nilipofungua kumbukumbu niliona jinsi nilivyokuwa kipofu. Mbochi, yale maji matamu ya maua, unaingia kama maji ya bomba linalovuja: gramu ishirini, gramu hamsini, mchana kutwa, kisha usiku unapungua kidogo nyuki wanapokausha. Tofali lilitua saa nne na robo asubuhi, mara moja, mstari umesimama kama ukuta. Sasa uzito ukiruka zaidi ya kilo moja ndani ya robo saa, kifaa hakisemi hongera. Kinauliza: *Kamwene Mama. Kuna mtu ameweka kitu juu ya mzinga?* Mara mbili tayari amenijibu mimi badala yake, kwamba safari hii ni kuku.